AMH iliposhuka bila uvimbe kupungua: uchambuzi wa kisa cha uvimbe wa seli za granulosa uliorudi

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. Amejengwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanawake wenye ugonjwa huu, na tarakimu za vipimo vyake ni za kufundishia. Dawa, dozi na tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Ni mwanamke wa miaka 52. Akiwa na miaka 41 alitokwa na damu bila mpangilio, na picha zikaonyesha uvimbe kwenye ovari ya kulia. Uvimbe ulipasuka mikononi mwa wapasuaji. Maabara ikathibitisha kuwa ni uvimbe wa seli za granulosa wa aina ya watu wazima, saratani inayoanzia kwenye seli zinazolizunguka yai ndani ya ovari. Hatua ilikuwa IC1, yaani ugonjwa uko kwenye ovari tu lakini uvimbe umepasuka wakati wa kuutoa. Baadaye alitolewa ovari ya pili, mirija na mji wa mimba. Miaka 11 ikapita kimya. Sasa vipimo vya damu vya homoni mbili zinazotengenezwa na seli hizo vimepanda: AMH ni 2.9 ng/mL na inhibini B ni 164 pg/mL. Picha ya CT inaonyesha vinundu vitatu kwenye nyonga, kikubwa kikiwa na sentimita 4.2. Madaktari wanashauri upasuaji. Yeye anaomba miezi 6 ajaribu kwanza mpango wa tiba asilia: mfungo wa juisi, vidonge vya mimea, kukandwa tumbo kwa nguvu, na virutubisho vya "kusawazisha homoni".

Ombi lake si la kipuuzi, na ndiyo maana linahitaji kujibiwa kwa hoja. Huu ni ugonjwa unaotembea polepole, kwa hiyo miezi michache ya kujiandaa mara nyingi haina madhara. Tatizo ni kwamba polepole hiyo hiyo huipa sifa tiba yoyote. Kinundu ambacho hakingekua sana ndani ya miezi 3 hakitakua sana hata mgonjwa akinywa maji matupu, na aliyekuwa akinywa juisi atasema juisi ndiyo iliyokizuia.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe wa seli za granulosa ni kati ya asilimia 2 na 5 ya saratani zote za ovari, na takriban asilimia 95 yake ni aina ya watu wazima. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba karibu visa vyote vya aina hii vina badiliko moja lile lile katika jeni ya FOXL2. Ugunduzi huo una faida hadi leo: sampuli ikiwa na utata, kupima badiliko hilo humsaidia mtaalamu wa patholojia kuamua. Mgonjwa ambaye uvimbe wake umerudi baada ya miaka mingi anastahili sampuli yake ya zamani isomwe upya na mtaalamu wa saratani za uzazi, kwa sababu kuna saratani nyingine za ovari zinazofanana nao kwenye hadubini.

Seli hizi hutengeneza homoni. Estrojeni yake huunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ndiyo maana dalili ya kwanza huwa mara nyingi ni kutokwa na damu, na ndiyo maana mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba lazima achukuliwe kinyama cha ukuta huo kipimwe. Inhibini B na AMH ndizo viashiria vya kufuatilia. Mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili hapaswi kuwa na kiasi cha maana cha homoni hizo mbili, hivyo zikionekana, kuna seli zinazozitengeneza mahali fulani. CA-125, inayotumika sana kwa saratani za kawaida za ovari, haina msaada mkubwa hapa. Estrojeni nayo hupanda na kushuka bila kufuata ukubwa wa uvimbe.

Jambo la mwisho ni la hatari, nalo husahaulika: vivimbe hivi vina mishipa mingi ya damu na vinaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni. Kukandwa tumbo kwa nguvu kuliondolewa kwenye mpango siku ya kwanza, bila mjadala. Kukandwa mabega, mgongo na miguu kwa mkono mwepesi kulibaki, na kulimsaidia kupata usingizi.

Mfuko wa vidonge

Mgonjwa akiulizwa "unatumia dawa gani?" hutaja za hospitali tu. Swali linalofanya kazi ni kumwomba alete kila chupa, pakiti na unga anaotumia, vyote kwenye mfuko mmoja, na mfamasia asome lebo mbele yake. Ndivyo ilivyofanyika hapa, ingawa kwa kuchelewa: mwezi wa tatu. Siku ya kwanza aliulizwa kwa mdomo tu.

Mfukoni zilikuwemo kapsuli za kurkumini ya manjano zilizochanganywa na piperini ya pilipili manga, gramu 2 kwa siku. Manjano ya kwenye chakula hayana shida. Kurkumini iliyokolezwa ni jambo jingine: huweza kupunguza kuganda kwa damu, na piperini huongeza kiasi kinachoingia mwilini, pamoja na hatari ya kuumiza ini. Kando yake ilikuwepo chupa ya kiini cha chai ya kijani. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kutoka kwenye virutubisho zinahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Chai ya kijani ya kikombe haimo katika onyo hilo. ALT ya mgonjwa, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, ilikuwa 96, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Zote mbili zikasimamishwa, na baada ya wiki 3 ikawa 41.

Ilikuwemo DHEA ya miligramu 25. Hiki ndicho kidonge kilichokuwa kinyume kabisa na ugonjwa wake, kwa sababu mwili huigeuza DHEA kuwa androjeni na kisha estrojeni. Lebo ilisema "husawazisha homoni". Mwenye uvimbe unaohusiana na homoni hana sababu ya kuongeza malighafi yake. Kapsuli za isoflavoni za soya zikaachwa pia kwa tahadhari. Soya kama chakula cha kawaida haikukatazwa.

Kulikuwa na *Hypericum perforatum*, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni. Huamsha kimeng'enya cha ini cha CYP3A4, na dawa zinazovunjwa na kimeng'enya hicho hutoka mwilini kabla ya kumaliza kazi. Etoposidi, moja ya dawa za kemotherapi ya ugonjwa huu, huvunjwa kwa njia hiyo. Letrozoli, dawa ya kushusha estrojeni, pia kwa sehemu. Ukichanganywa na venlafaksini, dawa ya huzuni inayotuliza pia vipindi vya joto kali, mmea huu unaweza kuleta msukosuko wa serotonini: kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Uliachwa, naye akapelekwa kwa mshauri wa saikolojia, maana huzuni iliyomfanya aununue ilikuwa ya kweli na ilihitaji tiba yake.

Kidonge cha mwisho hakikuonekana kuwa na maana yoyote: cha nywele, ngozi na kucha, chenye miligramu 10 za bayotini.

AMH ilishuka, inhibini B ikapanda

Miezi 3 tangu aanze mpango wake, AMH ilitoka 2.9 ikaja 0.6. Mgonjwa alifurahi, na alikuwa na haki. CT ilionyesha kinundu kikubwa kikiwa na sentimita 4.4, tofauti ambayo msomaji wa picha huiita "hakuna badiliko". Hapo wengi wangeandika kwamba mpango unafanya kazi.

Lakini tarakimu nyingine hazikukubaliana. Inhibini B, iliyopimwa katika maabara nyingine, ilikuwa imefika 201. Viashiria hivi viwili kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja. Estradioli, estrojeni kuu ya mwili, ilionekana kupanda sana. Vipimo vya tezi ya thairoidi navyo vilionyesha TSH (homoni inayoiamrisha tezi) iko chini na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) iko juu, kana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi, wakati mgonjwa hakuwa na dalili yoyote: mapigo ya moyo ya kawaida, mikono haitetemeki, hasikii joto kupita kiasi. Homoni zinazopimwa kwa njia moja zimeshuka, zinazopimwa kwa njia nyingine zimepanda. Ukiona mchoro huo, ulizia bayotini.

Sababu iko ndani ya mashine. Vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini na protini iitwayo streptavidini kama gundi ya kunasa kingamwili za kupimia. Damu ikijaa bayotini ya vidonge, hiyo hukalia nafasi zote kama abiria waliowahi viti vya basi, na kingamwili zilizobeba homoni husafishwa na kumwagwa. Katika kipimo ambacho mwanga mwingi humaanisha homoni nyingi, kama AMH na TSH, jibu hutoka chini kwa uongo. Katika kile ambacho mwanga mdogo ndio unaomaanisha homoni nyingi, kama estradioli na T4 huru, jibu hutoka juu kwa uongo. Si kila mashine hutumia gundi hii, ndiyo maana maabara ya pili haikudanganyika. Mahitaji ya bayotini ya mtu mzima ni mikrogramu 30 hivi kwa siku. Kidonge chake kilikuwa na zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017.

Kidonge kikasimamishwa kwa siku 7. Siku 3 zingeweza kutosha kwa dozi hiyo kama figo ni nzima, lakini hakukuwa na haraka ya kukosea mara ya pili. AMH ikarudi 3.3. Thairoidi ikawa ya kawaida.

Na ile CT ya "hakuna badiliko"? Kipenyo kikitoka sentimita 4.2 hadi 4.4, ujazo wa kinundu cha mviringo huongezeka kwa takriban asilimia 15. Picha moja haiwezi kutofautisha hilo na makosa ya kupima, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kosa ni kulisoma neno "hakuna badiliko" kama "tiba imezuia".

Kwa mgonjwa kama huyu, kanuni za kupima zinafaa kuandikwa kwenye karatasi anayokaa nayo mwenyewe: maabara ile ile, mashine ile ile, AMH na inhibini B pamoja, vidonge vyote vya virutubisho visimamishwe siku 3 kabla ya kutoa damu, na orodha ya anachotumia iandikwe kwenye fomu ya maabara. Jibu moja lisiloendana na mengine lirudiwe kabla halijafurahiwa wala kuogopwa.

Kwa nini upasuaji, na maandalizi yake

Uvimbe huu ukirudi, kuuondoa wote unaoonekana ndiyo tiba yenye uzito mkubwa kuliko nyingine yoyote, na unaweza kurudiwa zaidi ya mara moja kwa miaka. Mgonjwa alionyeshwa pia matokeo ya utafiti uliochapishwa katika JAMA Oncology mwaka 2018. Wagonjwa wa saratani zinazotibika waliochanganya tiba mbadala na tiba ya hospitali walikuwa na hatari ya kufa takriban mara 2 ya wengine, na tofauti hiyo ilielezwa na jambo moja: walikataa au kuacha sehemu ya tiba ya hospitali. Asilimia 7 walikataa upasuaji, dhidi ya asilimia 0.1 ya wengine. Kemotherapi ilikataliwa na asilimia 34 dhidi ya 3. Utafiti huo haukuhusu granulosa pekee. Hata hivyo unaonyesha mahali hatari ilipo: mimea yenyewe ina makosa yake, lakini kinachoua zaidi ni nafasi inayopotea. Alikubali upasuaji wiki 3 mbele.

Mfungo wa juisi ulikuwa umemshusha kutoka kilo 64 hadi 58, na sehemu kubwa ya kilichopotea ilikuwa misuli. Hili ndilo lililowapa wapasuaji wasiwasi kuliko kidonge chochote. Wiki 3 hazitoshi kurudisha kilo zote 6, lakini zinatosha kubadili mwelekeo. Alipangiwa protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 70 hadi 87 kwa siku, zikigawanywa katika milo mitatu na kitafunwa cha usiku. Akatembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Siku 3 aliongeza kuinuka kitini mara 10 kwa raundi 3, kusukuma ukuta, na mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu. Hemoglobini na madini ya chuma vikapimwa mapema, kwa kuwa chuma cha kumeza kinahitaji wiki kadhaa kuleta badiliko; muda ukiwa mfupi hutolewa kwa mshipa.

Kurkumini, kapsuli za kitunguu saumu, ginkgo na ginseng huachwa wiki 2 kabla ya upasuaji. Kosa la kawaida liko upande wa pili. Baada ya upasuaji mkubwa wa saratani ya nyonga, mgonjwa huchomwa heparini kila siku hadi siku 28 ili damu isigande miguuni, naye akifika nyumbani na kujisikia vizuri huzirudia kapsuli zake. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya heparini iliandikwa kwenye karatasi yake, na neno "kapsuli" likaandikwa chini yake.

Vinundu vyote vilivyoonekana viliondolewa bila kupasuliwa. Kemotherapi ya BEP, yaani bleomisini, etoposidi na sisplatini, ilijadiliwa na kuachwa. Bleomisini huumiza mapafu, hasa baada ya miaka 40 na figo zikiwa dhaifu. Sisplatini huumiza figo na masikio. Na faida ya kuitoa wakati hakuna kilichobaki haijathibitishwa. Kwa wanaoipata, "kusafisha mwili" kwa mifungo na vinywaji vya kuharisha ni hatari ya moja kwa moja, kwa sababu sisplatini inahitaji mwili wenye maji ya kutosha na magnesiamu. Vidonge vya vitamini C na E vya dozi kubwa navyo huachwa wakati wa kemotherapi.

Letrozoli na yale ambayo tiba saidizi inayaweza kweli

Mgonjwa alichagua letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku. Matarajio yaliwekwa wazi. Katika jaribio la PARAGON, lililotumia anastrozoli ya kundi hilo hilo kwa uvimbe wa granulosa, takriban asilimia 79 ya wagonjwa hawakuwa wamezidi kuumwa baada ya wiki 12, lakini waliopungukiwa na uvimbe walikuwa wachache mno. Tena polepole ya ugonjwa: kutulia kwa wiki 12 ni ushahidi dhaifu, uwe umetokana na dawa ya hospitali au na mmea. Kipimo kikali kinachotumiwa kwa juisi kitumike na kwa letrozoli.

Hapa ndipo tiba jumuishi inapostahili nafasi yake. Letrozoli hukausha estrojeni, na mwili mzima huhisi. Wengi huacha dawa kwa sababu ya maumivu ya viungo: vidole vigumu asubuhi, magoti, viganja. Dawa ya kwanza ni mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki na dakika 150 za kutembea, yakianza kabla maumivu hayajaanza, maana aliyekwisha kukakamaa haanzi. Tiba ya sindano ya Kichina (akupancha) ina ushahidi wa kueleweka. Jaribio moja la wanawake 226 wenye saratani ya titi waliotumia dawa za kundi hili, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha maumivu yalishuka kwa pointi 2.05 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 baada ya wiki 6. Waliochomwa sindano za kuigiza walishuka pointi 1.07. Ratiba ilikuwa vikao 2 kwa wiki kwa wiki 6, kisha kimoja kwa wiki kwa wiki 6 nyingine. Anayekwenda ahakikishe sindano ni mpya kila mara. Isipotosha, kuna dulosetini, dawa ya huzuni inayopunguza pia maumivu, miligramu 30 kwa wiki ya kwanza kisha 60. Au kubadilishiwa dawa ndani ya kundi.

Mifupa haiumi mpaka ivunjike, kwa hiyo hupimwa msongamano mwanzoni. Kipimo chake kilikuwa −1.8 kwa alama ya T, inayolinganisha mifupa na ya kijana mwenye afya; kadiri inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mifupa ilivyo dhaifu. Kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku ni jumla ya chakula na vidonge. Wengi hujazia 1,200 za vidonge juu ya chakula, na hilo huweza kuongeza hatari ya mawe ya figo. Vitamini D ni uniti 800 hadi 1,000. Kipimo kikishuka chini ya −2.0, au kukiwa na sababu mbili za hatari, huongezwa dawa ya kulinda mifupa, asidi ya zoledroniki, miligramu 4 kila miezi 6. Denosumabu pia hufaa, ila haiachwi ghafla: ikikatwa bila dawa ya kuipokea, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Kwa vipindi vya joto kali na kukosa usingizi, tiba ya fikra na tabia ina ushahidi mzuri kwa yote mawili, kwa vikao 6 hadi 8. Gabapentini miligramu 300 usiku humfaa anayeamshwa na jasho; venlafaksini miligramu 37.5, kisha 75, humfaa anayesumbuka mchana. Vidonge na krimu za homoni hazitumiki, zikiwemo zile zinazoitwa za asili. Ukavu wa uke hutibiwa kwanza kwa krimu ya unyevunyevu isiyo na homoni mara 2 au 3 kwa wiki, iwe kuna tendo la ndoa au la, pamoja na kilainishi wakati wa tendo. Swali hili lazima daktari alianze yeye, maana wagonjwa wengi hawalisemi.

Hofu ya ugonjwa kurudi hupanda siku chache kabla ya kila kipimo. Kilichopunguza hofu kwa mgonjwa huyu ni mpango wa kiutawala tu: siku ya kupokea majibu ilipangwa siku ile ile ya kutoa damu, mtu mmoja ndiye aliyepewa kazi ya kumpigia, na majibu hayakuwekwa kwenye mtandao kabla ya simu hiyo.

Ufuatiliaji ni kila miezi 3 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6, na hauishii mwaka wa tano kama saratani nyingi, kwa kuwa ugonjwa huu umewahi kurudi baada ya miaka zaidi ya 20. AMH na inhibini B zikipanda zote mara mbili mfululizo, picha hufuata, na MRI huona nyonga vizuri kuliko CT. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo yenye kizunguzungu hayangoji miadi: ni idara ya dharura, na sentensi ya kwanza iwe "nina uvimbe unaoweza kuvuja damu tumboni".